Mtupo wa Kuchota

Mtu wa mita mbili na sentimita moja hana pa kujificha katika kijiji cha Paraisčiai. Viazi vinamfika magotini, shayiri inamfika kiunoni, na miti ya matofaa ya kule ni mifupi kama watu walioipanda. Vaidotas Pukelis alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, kwa miaka mitatu, kila alipokwenda kumwona mama yake, aliliacha gari lake barabara kuu, kwenye kituo cha basi, akazunguka nyuma ya mashamba huku ameinama, ili asipite mbele ya nyumba moja yenye bati la kijani. Majirani walikaa madirishani wakimtazama.

"Pukelis anajificha," walisema, wakamiminiana chai.

Hakuna aliyemwita. Paraisčiai ni kijiji cha watu wastaarabu. Mtu akijificha, humwacha ajifiche.

Katika nyumba yenye bati la kijani aliishi Mwalimu Genovaitė Stonkienė, mjane, ambaye katika shule ya watoto arobaini na mmoja alifundisha jiografia, ushonaji na michezo. Aliyaona yote matatu kuwa somo moja: ujue ulipo, utumie mikono, na usilalamike. Alipokuwa msichana alikuwa mkamuaji maziwa katika shamba la ushirika, enzi ambazo kila shamba la ushirika lilipaswa kuwa na timu ya mpira wa kikapu, na timu ya wakamuaji ikawa bingwa wa wilaya mara mbili mfululizo. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani. Bado inatembea, na bado inachelewa dakika nne.

Vaidotas alikuwa amejifunza kurusha mpira nyumbani kabla hajajifunza kuzidisha, jambo ambalo Lithuania si ajabu. Baba yake alikuwa amepigilia ringi kwenye ukuta wa zizi mwezi wa Februari, akiwa amesimama juu ya barafu, akapima mita tatu na sentimita tano kwa usahihi wa fundi. Aprili barafu ikayeyuka, ringi ikabaki huko juu ilikokuwa, na ardhi ikashuka sentimita ishirini. Baba alisema atakuja kuishusha. Kisha akaenda Norwei kujenga nyumba za watu, akawa anarudi kila Krismasi, halafu akaacha kurudi. Ndiyo maana mipira ya Vaidotas ilipanda juu kama moshi wa siku isiyo na upepo, na ndiyo maana Mwalimu Genovaitė, alipomwona uwanjani akiwa na umri wa miaka minane, alisimama akaweka chini kikapu chake cha nyuzi.

Miaka minane alimfundisha. Kila siku baada ya masomo, mitupo huru mia moja, kwa mtindo wa wakamuaji: unasimama mstarini, unaushika mpira kwa mikono miwili, unaushusha katikati ya magoti, kisha unauinua kwa ulaini kama mtu anayechota ndoo asimwage. Mikono ya mkamuaji, alisema, imezoea kufanya kazi chini ya kiuno. Huko ndiko iliko akili yake.

"Magoti, Vaidotas. Unasimama kama nguzo ya umeme."

"Nimemaliza mia, Mwalimu."

"Umemaliza tisini na saba. Nafundisha jiografia, lakini kuhesabu najua."

Alipofika miaka kumi na mitano, katika mia alikuwa akiingiza tisini na moja. Mwalimu hakumsifu. Alimpa kipande cha mkate mweusi na jibini yenye bizari, akauliza tisa zimekwenda wapi. Na siku ya majaribio ya shule ya michezo ya Kaunas, yeye ndiye aliyempeleka, kilomita tisini, katika gari ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa mshipi uliofumwa na darasa la sita. Vaidotas alikaa kiti cha mbele, magoti yakiwa yameegemea kidevu. Walipofika langoni alimwomba amshushe pale kwenye kona, asiingie ndani.

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nataka kunyoosha miguu."

Mwalimu alimshusha kwenye kona. Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza, ndogo, na angeweza kuisahau kama isingepata wenzake.

Walimchukua. Siku ya tatu bwenini, kwenye mazoezi, alisimama mstarini mbele ya vijana kumi na wanane, akashusha mpira katikati ya magoti, akachota. Ukaingia. Akachota tena, ukaingia. Kufikia mtupo wa nne mazoezi yote yalikuwa yamesimama.

"Jamani, njooni mwone!" alipiga kelele Eligijus, kijana wa mjini mwenye viatu vipya na ulimi mrefu kuliko mikono. "Bibi yuko kisimani!"

"Bibi, usisahau ndoo!"

"Bibi, angalia mgongo!"

Kocha Liutauras, mtu wa haki, alinyamazisha wote kwa filimbi.

"Umeingiza mingapi, kijana?"

"Tisa kati ya kumi, Kocha."

"Vizuri sana. Badilisha."

"Kwa nini, Kocha?"

Kocha alifikiri kwa uaminifu. "Kwa sababu mwakani wataanza kutuonyesha kwenye televisheni," alisema.

Kijana wa miaka kumi na sita akipewa achague kati ya kupatia na kufanana na wenzake, hahitaji kulala ndipo aamue. Kesho yake Vaidotas alirusha kutoka juu ya paji la uso, kwa mkono mmoja, kama watu wote wa dunia ya leo, na katika kumi akaingiza sita. Hakuna aliyecheka. Kukosa kwa namna inayokubalika ni jambo la heshima kabisa. Jina la Bibi lilimganda hata hivyo, kama harufu ya samaki wa moshi kwenye koti.

Mengine yote yalikwenda vyema. Alikuwa na mabega, alikuwa na subira, na mpira uliogonga ringi ulikuwa ukimfuata yeye kana kwamba wamekubaliana. Akiwa na miaka ishirini alisaini na klabu ya ligi kuu, yeye na Eligijus wiki moja, na kijiji kizima kikajua kabla hajampigia mama yake. Mechi tano alikaa benchi na fulana ya mazoezi. Ya sita, Jumapili mchana, dhidi ya mabingwa, mchezaji mwenye nafasi yake aliteguka kifundo, na Vaidotas akaingia akapata pointi kumi na nne na kuokota mipira kumi na mmoja. Ilipokwisha, mtangazaji alimnyooshea kipaza sauti juu kabisa, akiwa amesimama kwa ncha za vidole.

"Vaidotas, nchi nzima inauliza: nani alikufundisha mpira?"

Nyuma yake Eligijus alikuwa amesimama na taulo shingoni. Alinong'ona, bila kusogeza midomo: "Sema bibi. Sema bibi."

Masikio ya Vaidotas yaliwaka. Aliona zile nyuzi, ule mlango wa mshipi, ile mikono katikati ya magoti.

"Nilijifunza mwenyewe," alisema. "Kijijini kwetu hakukuwa na kocha."

Mama yake, Danguolė, alimpigia kabla hajavua viatu.

"Tumekuona, mwanangu. Tulikuona vizuri sana."

"Mlikuwa na nani?"

"Na Mwalimu. Alikuja na keki ya matawi. Aliioka mwenyewe, siku nzima kwenye moto, unajua ile kazi ilivyo."

Keki ya matawi, ndefu na yenye machipuko kama mti, huokwa kwa arusi. Vaidotas alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia.

"Mwalimu alisema nini, Mama?"

"Alisema umekonda."

Kama angesema mtoto hana shukrani, Vaidotas angelia, angeomba radhi, na mambo yangekwisha kwa supu. Lakini mtu aliyeambiwa amekonda ataomba radhi ya nini? Alingoja wiki moja apate maneno. Wiki ikawa mwezi. Aibu ni kama mtindi: hauhitaji kufanyiwa chochote ili ukolee. Siku ya Mwaka Mpya alimtumia Mwalimu fulana yake ya klabu, namba kumi na nane, imeoshwa na kupigwa pasi, bila barua. Mei alimuuliza mama yake, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ilifika.

"Ilifika. Kafunikia miche ya matango usiku wa jalidi. Anasema ni pana, inatosha safu mbili."

Ndipo alipoanza kuzunguka nyuma ya mashamba.

Huku uwanjani, ile sita kati ya kumi ilikuwa ikimtafuna polepole. Msimu wa pili makocha wa timu nyingine walishaigundua. Mechi ikibana, walipiga kelele kutoka benchi bila haya, "Mchezeeni rafu Pukelis!" naye alipelekwa mstarini kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, akakosa mmoja, wakati mwingine yote miwili. Msimu wa nne takwimu zake zilisomeka asilimia sitini na moja, na kocha wa klabu alimwita ofisini.

"Wewe ni mchezaji wangu mzuri kwa dakika thelathini na nane," alimwambia. "Mechi ina arobaini. Sijui msimu ujao nitaweza kuendelea na mtu wa kumficha dakika mbili za mwisho."

Vaidotas alisema amesikia. Alijua dawa iko wapi, ina bati la rangi gani, na ni hatua ngapi kutoka kwa mama yake.

Juni ile ile mkuu wa shule ya Paraisčiai alipiga simu. Watoto walikuwa wamebaki kumi na wawili, na wilaya ilikuwa imeamua kuifunga shule. Jengo la michezo lingebaki kwa ajili ya kijiji, na wanakijiji walikuwa wamekutana wakapiga kura lipewe jina lake.

"Nani alipendekeza?" Vaidotas aliuliza.

"Hakuna aliyepinga," mkuu wa shule alijibu, na kule hilo huhesabiwa kuwa shangwe.

Alikaa siku tatu akiandika hotuba. Ilikuwa na kurasa mbili, na ndani yake alikuwa akiungama yote: kona, fulana, televisheni. Asubuhi ya siku yenyewe alinunua waridi kumi na moja, nyeupe, zenye mashina marefu. Muuzaji, mama mtu mzima, alizihesabu mara mbili mbele yake kama inavyotakiwa, maana hata mtoto mchanga anajua kwamba aliye hai hupewa maua ya witiri, yasiyogawanyika sawa kwa mbili, na ya shufwa hupelekwa makaburini. Vaidotas aliyaweka kiti cha mbele. Njiani, akibadilisha gia, goti lake la kulia lilivunja ua moja shingo. Kwenye kituo cha mafuta alilitoa lile bovu, akalitupa kwa uangalifu, akaridhika kwamba safari hii anafanya mambo kwa staha.

Aliegesha mbele ya shule, mchana kweupe. Kijiji chote kilikuwa ndani ya ukumbi, wamekaa kwenye mabenchi ya mazoezi, wanaume wamevaa makoti ya mazishi, ambayo ndiyo makoti waliyo nayo. Mwalimu Genovaitė alikaa mstari wa mbele, miaka sabini na mmoja, mdogo kuliko alivyomkumbuka, kikapu cha nyuzi miguuni. Ukutani bamba la shaba lilikuwa limefunikwa shuka. Vaidotas alivuka sakafu, na kila hatua ililia. Akainama, akampa maua.

Vikongwe wa Paraisčiai hawahesabu maua. Macho yao huhesabu yenyewe. Danguolė alijishika shavu.

Mwalimu aliyatazama maua, kisha akamtazama yeye.

"Vaidotas," alisema, "sijafa bado."

Alihesabu. Kumi. Alihesabu tena, kana kwamba kumi hubadilika likitazamwa kwa huruma. Damu ilimpanda kutoka kwenye kola mpaka kwenye nywele, na kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote, hapana aliyehitaji kusogea ili aone. Zile kurasa mbili zikamtoka kichwani. Akasema alichobaki nacho:

"Nilidanganya kwenye televisheni. Sikujifundisha. Ni Mwalimu aliyenifundisha, miaka minane, hapa hapa, na mimi nikamkana."

Kutoka mstari wa nyuma mzee Zenonas, mfuga nyuki, akakohoa.

"Tunajua, kijana," alisema. "Sote tulisoma hapa. Madirisha yalikuwa wazi, tulikuwa tukimsikia akikuhesabia. Una jambo jipya?"

Hakuwa nalo. Miaka minne alikuwa amebeba siri ambayo mwenyewe tu ndiye aliyedhani ni siri. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha uchi ambao kila mtu ameshauzoea. Alikunja magoti akachuchumaa mbele ya Mwalimu, ili angalau asimzibie mwanga.

"Nisamehe, Mwalimu. Ulinyamaza miaka yote hii. Ungeweza kumwambia mtu yeyote."

"Nimwambie nini?" Mwalimu alichomoa waridi moja kwenye fungu, akamchomekea kwenye mfuko wa koti, yakabaki tisa, na ukumbi mzima ukapumua. "Nimwambie huyu mtu wa asilimia sitini na moja ni mwanafunzi wangu? Mimi nina jina wilaya hii. Juzi duka la mbegu wananiuliza, 'Mwalimu, si ulikuwa ukimfundisha Pukelis?' Nikasema nilimfundisha jiografia."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Nilidhani umeniudhikia kwa yale maneno."

"Yale maneno ya kitoto? Niliyasahau kabla keki haijakatwa. Lakini mitupo nimeihesabu, Vaidotas. Nina daftari. Misimu minne mkono mmoja juu ya kichwa, kama mtu anayening'iniza nguo. Usiku sipati usingizi. Niliona aibu hata kwenda kanisani."

Akainuka, akampa Danguolė maua, akaenda mwenyewe kabatini akachukua mpira. Shuka lilikuwa halijatolewa. Mkuu wa shule alinyoosha mkono kulivuta, lakini Mwalimu alimzuia.

"Acha kwanza. Jina litaandikwa ukutani mara moja, halifutiki. Apige mia."

Alipiga mia, akiwa na viatu vya ngozi na waridi mfukoni. Katika kumi ya kwanza aliingiza tatu. Watu waliangalia mpaka ishirini, kisha wakatoka nje kula, kwa sababu viazi havingoji. Alibaki yeye, Mwalimu, na ile sauti: arobaini na moja, arobaini na mbili, magoti. Aliingiza hamsini na nane. Shuka lilitolewa na upepo, hakuna aliyeona.

Akakaa kijijini mpaka Agosti. Kila asubuhi alipita mbele ya bati la kijani, wima, na majirani walikosa cha kutazama. Siku aliyoondoka alikuwa ameingiza themanini na nane, na Mwalimu akauliza kumi na mbili zimekwenda wapi.

Kijijini ni rahisi. Kuchota mbele ya Zenonas na nyuki wake si ushujaa wowote, na Vaidotas alijua. Mwanzo wa msimu, mechi tatu, alipopelekwa mstarini mbele ya watu elfu tano, mikono yake ilipanda yenyewe juu ya paji la uso. Akakosa kama kawaida, kwa heshima. Jumatatu baada ya kila mechi hakumpigia mama yake.

Ya nne ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa Oktoba. Wachezaji wawili wakubwa walikuwa wametolewa kwa rafu, na kocha hakuwa na mtu mwingine wa kuingiza dakika mbili za mwisho. Sekunde tisa zilipobaki, matokeo sare, wapinzani walimchezea rafu bila hata kujisumbua kujificha. Mitupo miwili. Kocha alikaa chini, akavua miwani akaisafisha, kazi ambayo huhitaji mtu asitazame popote.

Vaidotas aliushika mpira. Akaona bamba la shaba, na daftari, na mwanamke aliyeona aibu kwenda kanisani. Akaushusha mpira katikati ya magoti.

Kicheko kilianza kabla haujatoka mikononi. Kilianzia nyuma ya ringi, kikazunguka ukumbi kama wimbi, mpaka benchi lake mwenyewe, ambako Eligijus alijifunika uso kwa taulo. Masikio yakawaka vile vile kama siku ya kisimani, hakuna kilichopungua. Akachota. Mpira ulipanda kama moshi, ukashuka, ukapita bila kugusa chuma.

Kwa mtupo wa pili mashabiki wa wapinzani walishapata la kufanya: walilia kama ng'ombe, mamia yao, muu ndefu. Aliisikia, akaiwaza, akanyooka nusu sekunde mapema. Mpira ukagonga ringi, ukafikiri, ukatoka. Sekunde zilizobaki ziliisha katika mparaganyiko wa mikono, na wakashinda kwa pointi moja.

Mtangazaji alikuwa yule yule. Safari hii alileta kisanduku cha kusimamia.

"Vaidotas, mtindo ule! Umeutoa wapi?"

Nyuma yake, taulo shingoni, pumzi ya Eligijus.

"Kwa Mwalimu Genovaitė Stonkienė wa Paraisčiai," Vaidotas alisema, masikio yakiwa mekundu mbele ya nchi nzima. "Ndiye aliyenifundisha. Yuko hai."

Simu ilimkuta kwenye ujia wa chumba cha kubadilishia.

"Tumekuona," alisema Danguolė.

"Mwalimu yupo hapo?"

"Yupo. Tuko kwake, kaoka keki."

"Amesema nini, Mama?"

Alisikia kijiko kikiwekwa juu ya sahani, na saa ikigonga, imechelewa dakika nne.

"Alipokusikia unamtaja jina, alijifunika uso kwa aproni. Anauliza ilikuwa haraka gani. Ungengoja siku ya kuingiza yote miwili. Sasa nchi nzima imeona ule wa pili, na nchi nzima inajua ni mwanafunzi wa nani. Kesho atapitaje dukani?"

"Mwambie naomba radhi."

Danguolė aliondoa mdomo kwenye simu, akarudi.

"Anasema: magoti."

Vaidotas alitia simu mfukoni. Ujia ulikuwa mtupu. Akasimama mbele ya ukuta, akashusha mikono isiyo na kitu katikati ya magoti, akainua; akashusha, akainua. Alikuwa amefika kumi na tisa Eligijus alipotoka na begi lake.

"Bibi," alisema Eligijus, "hata hapa pana kisima?"

Masikio yakawaka. Akakunja magoti zaidi kidogo, akahesabu ishirini.